Nguo za banda na sala ya alfajiri: nyumba imegawanyika, naomba busara zenu

BintiMuheza aliandika:

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Na kwa wenzangu wasio Waislamu, habari za kwenu, maana wafugaji humu tuko wa dini zote na nitafurahi kusikia kutoka kwa kila mmoja.

Nafuga Muheza, upande wa kupandia Amani. Tuna ng'ombe watano wa maziwa, chotara wa Friesian, wote tunawalisha bandani. Wanaokamuliwa sasa ni watatu: Saumu (alizaliwa Ramadhani, ndiyo jina lake), Neema na Tulizo. Zawadi tumemkausha, anakaribia kuzaa, na wa tano ni mtamba, jike ambaye hajazaa bado. Mume wangu ni dereva wa lori. Msimu wa machungwa ukiingia yuko njiani muda wote, mara Dar es Salaam, mara Kenya, kwa hiyo banda linabaki mikononi mwangu, mwa binti yangu wa kidato cha pili na mdogo wake wa darasa la tano. Mama mkwe tunaishi naye nyumba moja, na shemeji yangu amejenga ndani ya ua huohuo.

Asubuhi yetu iko hivi. Naamka saa kumi na nusu, nawasha jiko la biogesi na kubandika maji ya kuoshea viwele. Binti anakwangua sakafu na kusukuma samadi kwenye mfereji, mdogo wake anatia pumba na mashudu horini. Adhana inaingia saa kumi na moja na dakika kadhaa, na hapo mimi nimeshakaa chini ya Saumu, mikono yote miwili ina kazi. Kijana wa pikipiki anayepeleka maziwa kituo cha kukusanyia anapita saa kumi na mbili kamili. Hasubiri mtu, wala simlaumu, ana nyumba nyingi za kupitia na kule kituoni ukichelewa unakuta foleni ya kupima. Jua nalo linachomoza saa kumi na mbili na robo, miezi mingine karibu na nusu. Sasa wekeni hapo katikati ng'ombe watatu, kuchuja maziwa, sala, chai, na watoto wawili wa kuwahi shule.

Lakini lililonileta si muda peke yake. Ni nguo.

Mnaofuga mnajua. Neema ana mkia mrefu, akikupiga nao mara moja una samadi mbichi kutoka begani hadi kiunoni. Mama mkwe wangu amesomeshwa madrasa Pangani, dini anaijua na anaiishi. Kwake yeye kinyesi ni najisi, awe ng'ombe, awe paka, na mwenye najisi nguoni hana sala. Anataka mimi na watoto tukitoka bandani tuoge, tubadili kila kitu, ndipo tusimame kwenye mswala. Shemeji amesoma dini nje ya nchi, na yeye anasema kinyesi na mkojo wa mnyama anayeliwa ni tohara, nawa mikono uswali, msijitese. Yeye mwenyewe anatoka kwenye zizi lake la mbuzi na suruali ileile anaingia kuswalisha barazani.

Tangu mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, mama mkwe haswali tena nyuma ya mwanawe. Anatandika mswala wake chumbani na kuswali peke yake. Nyumba hii marehemu baba mkwe alikuwa akituswalisha wote, hadi wajukuu, na baada ya sala anawapa watoto maziwa ya moto huku bibi yao akiwasimulia kisa cha yule binti wa zama za Sayyidna Umar aliyekataa kutia maji kwenye maziwa. Leo watu wanaamka ndani ya ua mmoja na wanaswali sehemu tatu.

Juzi binti yangu kaniuliza: "Mama, sala yangu ya leo imesihi au haikusihi? Bibi anasema hivi, baba mdogo anasema vile." Nilimwambia aiweke niya yake kwa Mungu, lakini najua hilo si jibu. Anataka kujua asimame wapi.

Naomba wenye elimu ya dini mnieleze, na wenye uzoefu wa banda mniambie nyie mnapangaje asubuhi zenu. Kuacha ng'ombe siwezi, ndio ada ya shule na ndio dawa za mama mkwe. Kuacha sala kwa wakati wake siwezi pia.

---

mwalimu_wa_chuo alijibu:

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Mungu akulipe kwa kuuliza kabla chuki haijaota mizizi.

Nianze na la binti, kwa sababu ndilo linalouma zaidi. Mwambie bibi yake hakutunga, na baba yake mdogo pia hakutunga. Kwa madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo tuliyolelewa nayo pwani hii yote, kinyesi na mkojo wa mnyama yeyote ni najisi. Kwa Imam Malik na Imam Ahmad, vya mnyama anayeliwa ni tohara. Hawa wa pili wanatoa hoja katika hadithi ya watu wa Urayna walioruhusiwa kunywa maziwa na mikojo ya ngamia, na ile ya ruhusa ya kuswali kwenye mazizi ya mbuzi na kondoo. Mashafii wanazijua hadithi hizo, wanazielewa kwa namna nyingine. Ni khilafu (tofauti ya rai) ya zamani ya maimamu wakubwa, na hakuna hata mmoja wao aliyemvunjia mwenzake heshima kwa ajili yake.

La pili ni kuhusu mama mkwe kutoswali nyuma ya mwanawe. Usimwone mkaidi. Vitabu vya Kishafii vinatazama itikadi ya maamuma, yaani anayeswali nyuma ya imamu: akiamini kwamba imamu wake ana najisi nguoni na anaijua, hawezi kumfuata. Mama anafuata alichofundishwa, na amekifuata kimyakimya bila kumtangaza mwanawe msikitini. Hiyo ni subira kubwa.

Basi nani abadilike? Kwa maoni yangu ni shemeji, na wala haachi elimu yake. Wanavyuoni wa madhehebu zote wanapendekeza mtu kutoka kwenye khilafu pale inapowezekana. Akibadili suruali kabla ya kuswalisha, sala yake inasihi kwa Shafii, kwa Malik na kwa Ahmad. Asipobadili, inasihi kwa baadhi tu, na mama yake mzazi anakosa sala ya jamaa. Kubadili suruali ni dakika mbili. Kumrudisha mama kwenye safu kuna thamani gani? Mfikishie hivyo kwa upole, au mumeo akirudi amwambie yeye, maana ndugu kwa ndugu husikilizana.

Sasa mambo madogo ambayo watu wa banda hujichosha nayo bure. Kugusa samadi hakutengui udhu. Ukishatawadha ukapakwa samadi mkononi, unaosha pale palipoingia, udhu wako uko vilevile. Kuoga mwili mzima hakuhitajiki, osha sehemu iliyopata. Samadi kavu ikigusa nguo kavu, ukaikung'uta, hainajisi. Nguo ukiiosha hadi rangi na harufu vikaondoka imetoharika, na doa sugu lililobaki baada ya kufikicha linasamehewa. Na chembe ya samadi ikidondokea ndani ya maziwa wakati wa kukamua, vitabu vyetu vya Kishafii vinasamehe kwa sababu ni shida kuikwepa. Chuja, maziwa ni halali. Someni na watoto Suratun Nahl aya ya 66, inavyozungumzia maziwa yanayotoka baina ya choo na damu yakiwa safi. Mtoto anayekamua ataielewa aya hiyo kuliko sisi tunaoisoma tu.

---

MzeeWaPongwe alijibu:

Mwanangu, marahaba kabla hujanipa shikamoo. Mwalimu amemaliza la dini, mimi naingia bandani.

Nilianza kufuga miaka ya themanini mwishoni, enzi za kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Unachukua mtamba kwa mkopo, akizaa jike unamkuza, unamrudisha kwa mwenzio anayesubiri. Tulifundishwa kukamua na kulisha pale Buhuri, chuo cha mifugo cha Tanga. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa hodari kuliko mimi, na alichoniachia ni utaratibu huu ninaokupa.

Kwanza ovaroli. Si dera, si kanga kuukuu. Ovaroli ndefu ya mikono mirefu unavaa JUU ya nguo safi, na buti za mpira. Kichwani funga kitambaa cha banda, mtandio wako uache ndani. Mlangoni mwa banda pigilia misumari mitatu, kila mmoja na wake. Ukitoka unavua pale pale, unasuuza buti, unanawa mikono hadi kwenye viwiko kwa sabuni, na nguo ya ndani ni safi. Akina mama wa huku wanashona wenyewe kutoka kwenye turubai jepesi, mkia wa ng'ombe ukipiga samadi inateleza tu. Ukifanya hivi ubishi wa najisi na tohara nyumbani kwako unakosa pa kukaa, kwa sababu hakuna anayeingia ndani na samadi.

Pili, mkia. Ufunge kwa kamba laini kwenye mguu wake mwenyewe wakati wa kukamua, usiufunge kwenye nguzo, akishtuka atajiumiza. Yule mwenye tabia ya kupiga mkamue wa mwisho.

Tatu ni muda, na hapa nisikilize vizuri. Ukiosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, maziwa yanashuka ndani ya dakika moja hivi, na yanakaa dakika chache, tano, saba, basi. Ukimwacha njiani ukakimbilia kuswali, ukirudi amepandisha, hupati kitu, na maziwa yanayobaki mara kwa mara yanamkaribishia ugonjwa wa kiwele. Kwa hiyo usikatishe ng'ombe, katisha baina ya ng'ombe na ng'ombe. Kwako wewe: Saumu kabla ya adhana, kisha sala, kisha Tulizo, na Neema wa mwisho. Adhana ikikukuta umeshaanza, mmalize huyo mmoja, wakati upo hadi jua kuchomoza.

Au fanya kama sisi, anza ukamuaji wote mapema zaidi. Mimi nakamua saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Saa kumi na mbili kwa kumi na mbili, ng'ombe wanapenda hivyo. Adhana ya alfajiri inanikuta nimeshachuja, na adhana ya magharibi inanikuta nimekaa. Lakini usiwasogeze kwa siku moja, watakata maziwa. Robo saa, ukae siku kadhaa, robo saa tena. Ramadhani ndiyo wakati mzuri wa kuanza maana nyumba nzima imeamka daku.

Nne, mume akiwa nyumbani, asubuhi ni zake. Nasema hivi kama mwanaume mwenzake. Mke anayebeba banda msimu mzima anastahili kuswali alfajiri taratibu, akae kwenye mswala na nyiradi zake hadi jua litoke, bila kusikia ndoo.

---

MkulimaMachame alijibu:

Habari dada. Mimi ni Mlutheri, nafuga Hai huku Kilimanjaro, nimeisoma mada yako yote na imenigusa.

Kwetu kivumbi ni Jumapili. Ibada ya kwanza inaanza asubuhi na ng'ombe hawajui Jumapili. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa na alikuwa akitukumbusha Luka 13, pale Bwana Yesu anapowauliza watu kama hawafungui ng'ombe wao siku ya sabato wakamnywesha. Alisema kumnywesha na kumkamua mnyama ni huruma, haivunji siku ya Bwana, ila kukata majani ya wiki nzima siku ile ni uvivu wa Jumamosi. Kwa hiyo Jumamosi jioni kwetu ni siku ya mzigo: majani yanakatwa, yanakatwakatwa, yanajazwa, maji yanajazwa. Jumapili inabaki kukamua na kulisha tu. Jaribu na wewe kwa Ijumaa, kazi zote nzito zimalizike Alhamisi.

Na la mama mkwe nakuombea. Mimi na kaka yangu tuliwahi kugawanyika kwa mambo ya kanisa, akahamia dhehebu lingine. Kilichoturudisha mezani ni mama kuomba tule pamoja, hata kama hatuombi pamoja. Maziwa ya moto aliyokuwa akiyatoa baba mkwe wako, yarudishe hata kama safu bado haijarudi.

---

DaktariWaMifugo_Tanga alijibu:

Naongezea kidogo upande wa afya, kwa sababu usafi wa sala na usafi wa maziwa hapa vinakutana.

Kuchuja kunaondoa majani na manyoya, hakuondoi vijidudu. Samadi ikiingia ndani ya maziwa imeshaacha vijidudu vyake hata ukiichuja hapohapo. Ndiyo maana ovaroli ya Mzee na kufunga mkia ni dawa ya kwanza. Kila chuchu ioshwe, IKAUSHWE kwa kitambaa chake, na matone ya kwanza yakamuliwe kwenye kikombe cheusi uone kama kuna mabonge. Yule mwenye ugonjwa wa kiwele akamuliwe wa mwisho kabisa, hata kama si yule anayepiga mkia. Kama unasogeza ukamuaji saa kumi na pikipiki inakuja saa kumi na mbili, weka keni ndani ya beseni la maji ya baridi, kivulini, na mfuniko umefungwa. Maziwa ya watoto yachemsheni hadi yachemke kabisa.

Jambo moja naomba mlichukue kama la imani pia. Ng'ombe akichomwa antibayotiki, kwenye chupa kuna siku za kusubiri kabla ya maziwa kuuzwa. Laktomita, kile kipimo cha maziwa cha kituoni, inagundua maji, dawa haiioni. Anayejua ni wewe na Mungu wako. Maziwa hayo usiuze, usiyape watoto.

---

Fundi_wa_Zizi alijibu:

Samahani naingilia, niko Kwale, Kenya, na swali linakaribiana. Je, hawa ng'ombe wa bandani wana zaka? Baba anasema zaka ya ng'ombe inaanza thelathini, kwa hiyo mwenye watano hahusiki kabisa.

---

mwalimu_wa_chuo alijibu:

Ndugu wa Kwale, baba yako amesema kweli nusu. Kiwango cha ng'ombe ni thelathini, na hapo hutolewa ndama wa mwaka mmoja. Lakini kwa Shafii zaka hiyo ni ya wanyama wanaochunga malisho ya bure. Ng'ombe unayemnunulia pumba na kumkatia majani mwaka mzima hana zaka ya shingo yake, hata wakifika hamsini. Malik hakuweka sharti hilo.

Ila pesa za maziwa ni habari nyingine. Ukiweka akiba ikafikia thamani ya gramu 85 za dhahabu, nayo ikakaa mwaka mzima wa Kiislamu, toa asilimia mbili na nusu. Wafugaji wengi wa ushirika wanalipwa kwa mkupuo na wanaiacha benki, kisha wanajiona hawana zaka kwa sababu ng'ombe ni wachache. Hesabuni.

---

BintiMuheza aliandika:

Nimerudi. Mwalimu, Mzee wangu (shikamoo kweli), kaka wa Machame, daktari, wote Mungu awalipe.

Ovaroli tumeshona mbili, za binti na yangu, kwa turubai kama Mzee alivyosema, na misumari iko mlangoni. Ya mdogo nitaipunguza kutoka kwenye ovaroli ya zamani ya baba yake. Neema mkia tunaufunga. Alikasirika mwanzoni, sasa amezoea. Ukamuaji tumeanza kuusogeza polepole, Saumu tayari anamalizwa kabla ya adhana, na Tulizo maziwa yake hayakupungua hata kidogo.

Maneno ya mwalimu nimemsomea binti neno kwa neno. Alichokishika zaidi ni kwamba kugusa samadi hakutengui udhu, alikuwa anatawadha upya mara tatu tatu na kuchelewa shule. Mume wangu aliporudi na lori nilimpa simu asome mwenyewe. Hakusema mengi, alikwenda kukaa na mdogo wake uani hadi usiku. Shemeji ametundika kanzu safi nyuma ya mlango wa baraza. Jana na leo ameswalisha nayo. Mama mkwe bado anaswali chumbani, lakini mlango anauacha wazi. Simharakishi. Maziwa ya moto baada ya sala nimeyarudisha, na anakuja kunywa nasi.

Nina moja la mwisho. Tuna dume la Saumu, atakuwa na miezi ishirini na mbili na siku chache itakapofika Idd kubwa. Mama mkwe anatamani achinjwe kwa niaba ya familia, na shemeji amekubali kushiriki. Anafaa? Na nani na nani wanaweza kuingia kwenye fungu?

---

mwalimu_wa_chuo alijibu:

Allahu akbar, habari njema. Kwa udh-hiya, yaani mnyama wa kuchinja Idd kubwa, ng'ombe lazima awe ametimiza miaka miwili na kuingia wa tatu. Miaka hiyo ni ya mwezi, siku 354 kila mmoja, kwa hiyo miwili inatimia kama wiki tatu kabla ya ile ya kalenda ya ukutani. Hata ukihesabu hivyo, miezi ishirini na mbili haitoshi. Mwacheni hadi Idd ya mwakani, mwaka huu watafuteni mbuzi.

Akishatimiza, ng'ombe mmoja ni wa watu saba: mama mkwe fungu lake, mumeo lake, shemeji lake, wewe lako kama una pesa yako ya maziwa, na matatu yaliyobaki karibisheni majirani. Kila mmoja alipe fungu lake kabla ya kuchinja.

---

MzeeWaPongwe alijibu:

Mwanangu, na msihukumu umri kwa meno peke yake. Ng'ombe wengi wa chotara hubadili meno mawili ya mbele wakikaribia miaka miwili, lakini wengine huwahi na wengine huchelewa. Kama siku ya kuzaliwa uliiandika kwenye daftari la banda, daftari ndilo shahidi. Na dume akae mwaka mzima zaidi atakula sana, mtengee sehemu yake, usimwache na mitamba, atapanda kabla hujapanga. Majani ya tembo, maji ya kutosha na jiwe la chumvi, mashudu waachie wanaokamuliwa.